Malengo, fundo na kutulia

Ukisubiri basi pale Mikumi, wilayani Kilosa, kando ya barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia, hukosi kusikia binti akimuuliza shoga yake: "Lakini ana malengo na wewe?" Haulizi kama shoga anapendwa, hilo lina swali lake. Anauliza kama yule kijana anakusudia ndoa. Neno limezaliwa na kulenga, kazi ya mwenye upinde, na ndiyo maana linanitia wasiwasi. Shabaha ikishapigwa, upinde hushushwa. Wenye malengo wakishafika harusini, kesho yake wanalenga nini?

Kwa yanayotangulia harusi Kiswahili ni tajiri mno: mshenga, barua ya posa, kishika uchumba, mahari, sendofu. Kisha fungate, neno nilipendalo kuliko yote hayo. Kwa Wazigua mfungate ni saba, na fungate ya zamani ilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani wakiletewa chakula kutoka kwao bibi harusi. Siku ya nane haina jina.

Ndoa tunaifunga, magazeti yakitaka kupamba huandika "wamefunga pingu za maisha". Kinachofungwa hufunguliwa, lakini nani amewahi kusema ndoa imefunguliwa? Imevunjika, ndivyo tusemavyo. Hapa lugha imeona mbali kuliko maharusi wenyewe. Fundo likifunguka kamba hubaki nzima. Huvunjika kilichofinyangwa au kujengwa, kama chungu, kama nyumba. Basi tangu siku ile ya kufunga, kuna kitu kimekuwa kikijengwa ambacho hakikupigiwa vigelegele.

Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ina macho. Kifungu cha 9 kinaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Unaokusudiwa: sheria inadai nia, haitoi dhamana. Na kwa kifungu cha 160, wawili waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kuwa mke na mume hudhaniwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Kukaa tu, bila fundo.

Huku Kilosa jambo lina kina zaidi. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ana kauli. Kwa mila hiyo, kifungo kisichohitaji kuapiwa ni cha kaka na dada. Mke haingii ndoani akidhani ameacha ukoo wake. Lakini reli na mashamba ya mkonge vilileta Kilosa watu wa kila pembe, wengi wao wa koo za baba. Leo bwana harusi na bibi harusi hutamka "ndoa" kwa sauti moja, kila mmoja na matarajio aliyorithi kwao, na sidhani wengi huulizana kabla ya kuvaa pete.

Neno ninalotamani waulizane ni kutulia. "Siku hizi ametulia na mkewe," husema majirani, nao hawasemi hivyo wiki ya harusi. Watu wa Kilosa, waliofurikiwa na mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, wakisema mto umetulia hawana maana kwamba umesimama. Unakwenda bado, ndani ya kingo zake.