Waya Mmoja na Nyaya Mbili

Msomaji mpenzi, neno simu unalitamka kila siku, lakini huenda hujapata kuuliza asili yake. Wajuzi wa lugha hutuambia kuwa limetoka katika Kiajemi, na kwamba maana yake huko ni waya. Wazee wetu wa pwani hawakukosea kulichukua, kwa sababu zamani hapakuwa na njia ya kupeleka habari kwa umeme ila kwanza waya unyoshwe baina ya anayepeleka na anayepokea. Habari nitakayokueleza ni ya waya huo, pamoja na swali ambalo mafundi wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia na arobaini: je, sauti isafiri kwa waya mmoja huku ardhi ikiwa njia yake ya kurudia, au isafiri kwa nyaya mbili zilizo sawa? Swali hilo si la kale tu. Leo lawakabili vijana wanaonunua visikizio vya kuvaa masikioni, na asiyejua chanzo chake aweza kulipa bei ya mbuzi kadhaa kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tuanzie karibu. Kimuka ni mahali katika Kajiado, upande wa machweo wa vilima vya Ngong. Juu ya vilima hivyo mitambo ya upepo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na mingine mwaka 2009, ili kufua umeme. Chini yake ilichimbwa njia ya treni yenye urefu wa kilomita nne na nusu, na reli hiyo ilifunguliwa Oktoba 2019. Lakini usidhani kwamba waya ulikuja katika nchi ya Wamasai pamoja na mitambo hiyo. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani ilichukua mizigo ya waya wa chuma, wa shaba nyeupe na wa shaba nyekundu, nayo ilikuwa bidhaa iliyotakwa sana bara. Mafundi waliukunja ukawa bangili na mapambo ya shingo na masikio. Waya ulikuwa mali kabla haujawa njia ya maneno.

Maneno nayo yalikuwa njiani. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari uliifikia Unguja kutoka Aden. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na nguzo za telegrafu zikafuatana nayo. Reli iliufika Nairobi mwaka 1899, na ukingo wa ziwa, pale panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Wanandi, ambao hawakuridhia nchi yao ipitiwe bila ya ridhaa, waliukata waya huo mara nyingi na kuufanya mapambo na vyombo vyao. Serikali ya kikoloni iliwapelekea majeshi mara kwa mara, hata kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa Oktoba 1905. Kajiado nayo ilipata reli yake: njia ya kutoka Konza mpaka Magadi, iliyojengwa kwa ajili ya magadi ya ziwani, ilifunguliwa mwaka 1915 ikipita Kajiado.

Sasa angalia jambo moja la ajabu. Umeme haupiti mahali ila uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Basi mbona desturi ya telegrafu za zama zile ilikuwa kunyosha waya mmoja tu? Jibu lilipatikana Ujerumani mwaka 1838. Bwana Carl August von Steinheil aligundua kwamba ukizika kipande cha madini ardhini kila upande wa njia, ardhi yenyewe itaurudisha umeme. Ugunduzi huo uliokoa nusu ya waya. Kwa mtu anayevuka mamia ya maili ya nyika, nusu ya waya ni mali nyingi, na telegrafu haikudai zaidi. Yenyewe ilipeleka nukta na vistari kwa umeme wenye nguvu. Aliyepokea hakuhitaji kusikia uzuri wa sauti. Alihitaji kujua tu kama umeme upo au haupo.

Mambo yaligeuka ilipokuja simu ya kusemea. Bwana Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1876, na makampuni yakaitumia njia ile ile ya waya mmoja na ardhi. Hapo kasoro iliyofichika ikadhihirika. Sauti ya mtu ikigeuzwa kuwa umeme huwa dhaifu mno, na kifaa cha masikioni husikia hata kitu kidogo sana. Watu waliweka kifaa sikioni wakasikia mlio wa telegrafu ya jirani, mivumo ya radi ya mbali, na maneno ya watu wasiowajua. Magari ya mijini yaendayo kwa umeme yalipoenea, hasa baada ya yale ya Richmond huko Marekani mwaka 1888, matata yalizidi, kwa maana magari hayo nayo yaliurudisha umeme wake ardhini. Ardhi ilikuwa njia ya wote, na kisima cha wote hakikosi kuchafuliwa.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1881 Bell alipewa hataza ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Ili uielewe dawa hiyo, tufanye hesabu ndogo. Tuseme sauti yako ina kipimo cha 3. Katika waya wa kwanza yapelekwa kama 3 ya kuongeza, na katika waya wa pili kama 3 ya kupunguza. Njiani kelele yenye kipimo cha 5 yaziingia nyaya zote mbili kwa usawa, kwa kuwa zimekaa pamoja. Waya wa kwanza wafika na 8, wa pili na 2. Kifaa cha kupokea hakiulizi kila waya una nini. Kinauliza tofauti yao tu. Toa 2 katika 8, wapata 6. Sauti yako imefika yote, na kelele imejifuta yenyewe. Nyaya zilisokotwa ili kila mmoja upate zamu yake ya kuwa karibu na adui, kelele isipate kuuelemea mmoja kuliko mwenzake.

Shika neno hili vizuri: faida haitoki katika wingi wa nyaya, hutoka katika usawa wake. Waweza kuwa na nyaya mbili, lakini mmoja ukifungwa ardhini na kufanywa njia ya wote, umerudi palepale pa telegrafu.

Katika vituo vya kuunganishia simu, kuanzia miaka ya 1870 na 1880, watumishi walikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, wakiunganisha watu kwa plagi ndefu. Ncha ya plagi ilishika waya mmoja wa simu, na pete yake ikashika wa pili. Jozi ikapita salama. Plagi hiyo haikufa. Mwaka 1958 Bwana John Koss wa Milwaukee, Marekani, alitoa visikizio vya kusikilizia muziki wa njia mbili, sikio la kushoto na la kulia kila moja na sauti yake, na plagi ya ukoo ule ule ikatumika. Lakini kazi yake ilibadilika. Ncha ilipewa sikio la kushoto, pete ikapewa la kulia, na shina likawa njia moja ya kurudia ya masikio yote mawili. Chombo kilichozaliwa kubeba jozi sawa kikawa cha njia ya pamoja.

Baada ya miaka mingi, wapenzi wa muziki walianza kudai kila sikio lipate nyaya zake mbili, yaani nyaya nne kwa jumla. Wengine walitumia plagi yenye pini nne, na mwaka 2016 Wajapani walitoa kipimo cha plagi mpya yenye unene wa milimita 4.4 na migusano mitano. Vyombo hivyo huuzwa ghali, na wauzaji husema kwamba vyafuta kelele kama simu za zamani. Hapa ndipo elimu ya historia ikufaapo, msomaji.

Jiulize: jozi ya nyaya ilibuniwa kwa ugonjwa gani? Ilibuniwa kwa sauti dhaifu, kwa safari ndefu, na kwa kelele iliyo jirani. Sasa pima visikizio vyako. Waya wake una urefu wa mita moja au tatu. Sauti iliyomo imekwisha kukuzwa, wala haitakuzwa tena. Kelele ipatikanayo katika safari fupi hiyo ni ndogo hata sikio halitaijua. Ugonjwa haupo.

Hata hivyo tusimdhulumu mfanyabiashara. Nyaya nne zina faida nyingine za kweli. Ya kwanza, njia ya kurudia isipokuwa ya pamoja, sauti ya sikio moja haivuji katika jingine. Ya pili ni nguvu. Katika mashine hizo vikuzaji viwili hufanya kazi kwa kila sikio, kama maseremala wawili wenye msumeno mrefu, mmoja akivuta mwenzake asukuma. Volti zaweza kuzidi mara mbili, na zikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Visikizio vizito vinavyodai nguvu nyingi vyafaidika. Vyepesi, ambavyo hata simu ya mkononi hutosha kuviendesha, havifaidiki sana. Tena ujihadhari: visikizio vya nyaya tatu usivichomeke kwa kiunganishi cha hila katika mashine ya nyaya nne, maana njia zote mbili za kurudia zina umeme, na ukizigusanisha waweza kuiharibu mashine.

Kama fedha za kununua usawa zipo, basi mahali pake ni pengine. Fikiria mkutano wa hadhara Kimuka, au ibada, au sherehe ya shule. Maikrofoni iko mbele ya watu, na mashine ya kukuzia sauti iko mbali, labda mita thelathini, karibu na jenereta au waya wa umeme wa nyumba. Sauti itokayo katika maikrofoni yaweza kuwa sehemu moja tu katika elfu ya volti, nayo itakuzwa mara elfu pamoja na kila uchafu ulioiingia. Umeme wetu wa Kenya hutetema mara hamsini kwa sekunde, na mtetemo huo ndio mngurumo mzito usikiao katika vipaza sauti. Hapo mzee aliyetembea toka mbali kuja kusikia habari ya shamba lake au ya chanjo ya ng'ombe atarudi bila ya kuisikia. Jozi ya nyaya sawa ingalimfaa zaidi kuliko plagi ya milimita 4.4 ingalivyomfaa kijana chumbani mwake.

Wala waya mmoja si wa kudharauliwa. Mwaka 1925 Bwana Lloyd Mandeno wa New Zealand alionyesha kwamba umeme wa mashambani waweza kupelekwa kwa waya mmoja na ardhi, na nyumba nyingi za mbali zikapata taa kwa njia hiyo. Kilichokuwa kasoro kwa sauti dhaifu kikawa neema kwa taa.

Basi, mwanafunzi, utakapoonyeshwa chombo kipya na kuambiwa kuwa ni bora, uliza kwanza: bora kwa safari ipi, kwa sauti ipi, na mbele ya kelele ipi? Mafundi wa mwaka 1881 waliuliza hivyo, wakapata jibu lililotufaa mpaka leo. Aliyeuza mbuzi wake bila ya kuuliza atajibiwa na mfuko wake.