Homoni, malaika na rovu

"Dada, hizo ni homoni zimevurugika." Mwanamke wa Mbinga mjini, au wa Mbamba Bay kule ziwani, akilalamika kwamba nywele zinang'oka kila akichana, ngozi imekauka au kidevuni zimeota nywele ngumu, hilo ndilo jibu litakalomfikia kwanza. Atalipata kwa shoga yake, kwa msusi, kwa muuza mitishamba ambaye tayari ana chupa mkononi. Si jibu la uongo. Lakini halimfikishi mbali, kwa kuwa mwili una homoni zaidi ya 50, kila moja na chanzo chake na kazi yake, na aliyeambiwa zimevurugika hajaambiwa ni ipi, imezidi au imepungua, wala nani aliyempima.

Neno lenyewe ni changa. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba chakula chenye asidi kikitoka tumboni na kugusa utumbo mdogo, kongosho humwaga maji yake ya kusaga chakula hata kama mishipa ya fahamu inayokwenda huko imekatwa yote. Basi kulikuwa na kitu kinachopita ndani ya damu. Juni 1905, akiwahutubia madaktari, Starling alikipa kitu cha namna hiyo jina alilolitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma.

Kiswahili kilikuwa na njia mbili mbele yake: kutafsiri Kigiriki hicho na kusema kichocheo, au kutohoa na kusema homoni. Mpaka leo vyote viwili vipo, na makala nyingi za afya magazetini huvitumia pamoja, homoni katika sentensi moja na vichocheo katika inayofuata. Naelewa mvuto wa kichocheo. Ni neno letu, na aliyewahi kupiga magoti mbele ya mafiga akisukuma kuni ndani anajua kuchochea ni nini. Hata hivyo nasimama na homoni. Kwanza, kichocheo kimekwisha kupewa kazi katika kemia, ambako ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemikali bila chenyewe kuisha. Pili, na hili ndilo kubwa, homoni nyingine hazichochei chochote, huzima. Somatostatini, iliyotambuliwa mwaka 1973, kazi yake ni kuizuia homoni ya ukuaji isitoke. Kuiita kichocheo ni kumpotosha msomaji kabla hajaanza kusoma.

Basi homoni ni nini? Ni kemikali inayotolewa na tezi au seli maalumu, ikaingia kwenye damu, ikaenda kubadili utendaji wa sehemu nyingine ya mwili. Damu huifikisha kila mahali, lakini haisikiki kila mahali. Ni mbiu inayopigwa kijiji kizima, wakatoka wale tu inaowahusu. Seli inayohusika ina kipokezi cha homoni hiyo. Isiyo nacho huendelea na shughuli zake. Bila neno kipokezi hatuwezi kueleza kwa nini homoni ileile huotesha ndevu kidevuni na kuleta upara utosini.

Kwenye ngozi na nywele Kiswahili kina utajiri ambao vitabu vya afya havijautumia ipasavyo. Tuna laika, wingi wake malaika, yaani zile nywele laini fupi za mikononi na usoni ambazo hazionekani mpaka mwanga uzipige ubavuni. Sarufi huzitenganisha na malaika wa mbinguni bila shida, maana wale huruka na haya huota. Tuna kinyweleo, neno ambalo watu hulitumia kwa kitundu cha ngozi na hata kwa unywele mdogo wenyewe. Ningependa tuliache lishike maana moja katika maandishi ya kitaalamu: kile kifuko kilichozama ndani ya ngozi ambamo unywele huzaliwa, pembeni yake pakiwa na tezi mafuta inayoulainisha.

Mvulana akibalehe, korodani zake huanza kutoa testosteroni kwa wingi. Msichana naye hupata homoni za kundi hilohilo, kwa kiasi kidogo, kutoka kwenye ovari na tezi adrenali zilizo juu ya figo. Ndani ya kinyweleo chenyewe, testosteroni hugeuzwa kuwa dihidrotestosteroni, ambayo ina nguvu zaidi. Vinyweleo vya kidevuni vikiipokea, malaika huacha kuota na mahali pake pakatoka ndevu nene, nyeusi. Vinyweleo vya utosini, kwa mwanamume aliyerithi mwelekeo huo, hufanya kinyume: hunywea, kila unywele mpya ukawa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka yakabaki malaika tu. Kwa hiyo mwenye kipara hajapoteza vinyweleo vyake vyote. Vingi vimerudi utotoni. Aristotle alikwisha kuona zamani kwamba matowashi hawapati upara. Sababu ilithibitishwa mwaka 1942, pale James Hamilton wa Marekani alipoonyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hubaki na nywele zao, na kwamba wale wenye asili ya upara wakipewa testosteroni, huanza kuzipoteza.

Homoni hizohizo hunenepesha tezi mafuta. Mafuta yakizidi, mdomo wa kinyweleo ukaziba na bakteria wakastawi ndani, hiyo ndiyo chunusi. Haitokani na uchafu wala na mawazo ya mapenzi, kama vijana wanavyotaniwa. Hata baadhi ya wanawake wanaotumia vipandikizi vya uzazi wa mpango hutokwa na chunusi, kwa kuwa kijiti kile kilichoko chini ya ngozi ya mkono hutoa homoni. Muuguzi akilisema hilo mapema, mama hatashtuka wala kukimbilia kukitoa bila ushauri.

Ujauzito nao una mambo yake. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kwa kawaida 50 hadi 100 huanguka kila siku kwa sababu zimemaliza muda wake. Estrojeni ya mimba huzizuia zisianguke, ndiyo maana mjamzito hujiona nywele zimejaa. Akijifungua, estrojeni hushuka ghafla, na baada ya miezi 2 hadi 4 zile zote zilizokuwa zimeahirisha huondoka pamoja. Mama hukuta mafungu ya nywele kwenye chanuo na kudhani amerogwa au ana ugonjwa mkubwa. Nyingi hurudi ndani ya mwaka. Na mstari mweusi unaoshuka tumboni wakati wa mimba, pamoja na madoa ya usoni, hutokana na homoni zinazoziamuru seli za rangi kuongeza kazi.

Kuna homoni nyingine ambayo watu hujipaka bila kujua ni homoni. Ndani ya mkorogo wa kujichubua, mbali na zebaki na haidrokwinoni ambazo Tanzania imezipiga marufuku katika vipodozi, mara nyingi huchanganywa krimu ya hospitali yenye betamethasoni au klobetasoli. Hizo ni ndugu za kortisoli, homoni ya tezi adrenali. Daktari huzitoa kwa siku chache, kwa ugonjwa maalumu wa ngozi. Zikipakwa uso na mwili kwa miezi, ngozi hukonda hadi mishipa ya damu ikaonekana, michirizi hutokea mapajani, uso huota chunusi na malaika hukua yakawa nywele za kuonekana. Vifundo vya vidole hubaki vyeusi, na hivyo ndivyo macho ya watu yanavyomtambua mtumiaji. Jambo la hatari zaidi halionekani: dawa ikipenya kwenye damu kwa muda mrefu, mwili huacha kutengeneza kortisoli yake, na mtu akiiacha dawa ghafla anaweza kuzirai na hata kufa. Aliyezitumia kwa muda mrefu aende hospitali akazipunguze kwa utaratibu.

Lakini kwa Ruvuma, mkoa wenye Mbinga na Mbamba Bay, homoni ninayotaka isemwe kwa sauti zaidi ni ya shingoni. Tezi yake ni thairoidi, ambayo pia huitwa dundumio. Homoni yake kuu, thairoksini, imeundwa kwa chembe 4 za iodini, na bila iodini haiundwi. Tezi ikikosa malighafi hiyo hujitanua ikijaribu kunasa kidogo kinachopita, na shingo ikavimba. Uvimbe huo una jina la Kiswahili kongwe na zuri, rovu, ambalo naona vibaya kuliona likisukumwa pembeni na goita.

Rovu ni ugonjwa wa milimani. Mvua za maelfu ya miaka huyeyusha iodini ya udongo na kuishusha mtoni. Wamatengo wa Mbinga wamesifiwa kwa ngoro, yale mashimo ya mistari wanayochimba kwenye miteremko mikali ili maji yasichukue udongo. Ngoro hushika udongo. Iodini ilikwisha kuondoka kabla ya ngoro ya kwanza. Ilipita mto Ruhuhu ikaingia Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, Zambezi, mpaka Bahari ya Hindi. Mahindi na maharage yanayolimwa kwenye udongo huo hayana ya kutosha. Samaki nao hawajauokoa ukanda wa ziwa: usipa ni chakula kizuri sana, lakini samaki wa maji baridi hana iodini ya samaki wa baharini. Na ugali wa huko ni wa muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa thaiosayaneti, na hiyo hushindana na iodini kwenye mlango wa tezi.

Nyanda za Juu Kusini, Ruvuma ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizoathirika sana. Katika miaka ya 1980 vilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zenye hali mbaya, kazi iliyoongozwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na katika miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula iongezwe iodini. Hapo ndipo umma ulipopata istilahi ambayo naihesabu miongoni mwa zile zilizobuniwa kwa akili sana: chumvi yenye madini joto. Thairoksini ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani na utoe joto kiasi gani. Anayesoma maneno hayo kwenye pakiti ameshapewa nusu ya somo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Kwa miaka 70, hiyo haifiki gramu 4. Tatizo lililobaki ni chumvi inayouzwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi, juani na kwenye unyevu, ambako madini joto hupungua. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na itiwe chunguni mwishoni.

Homoni hii ikipungua, ngozi ndiyo hutoa habari. Hupoa na kuwa kavu, yenye magamba viwikoni, na jasho hupungua. Vinyweleo hulala kabla ya wakati, nywele zikawa ngumu, chache, zikikatika. Mganga mzoefu huangalia nyusi: theluthi ya nje, upande wa sikioni, huwa imepukutika. Kisha humpa mama maji, humwambia ameze, na kutazama kama shingoni kuna kitu kinachopanda na kushuka. Huligusa pia sikio na kuipima hisia ya ngozi, kwa sababu ukoma nao hula nyusi. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha damu cha TSH, homoni ambayo tezi pituitari huituma kuiamuru dundumio. Ikiwa juu sana, maana yake amri inatolewa na haitekelezwi.

Matibabu ni kidonge cha thairoksini kila siku. Mgonjwa huacha kuhisi baridi, ngozi hulainika, choo hufunguka. Nywele huchelewa, kwa sababu kinyweleo kilicholala hakiamki mpaka kimalize miezi yake kama 3 ya kupumzika, ndipo unywele mpya uanze kusukuma kutoka chini. Mama anayesubiri nyusi zake aambiwe hivyo siku ya kwanza, asije akaacha vidonge mwezi wa pili akidhani havimfai.