Majina ya Vikoa na Anwani za Tovuti katika Ukanda wa Dhahabu

Jina la kikoa ni jina lililoandikishwa katika daftari la majina ya intaneti, ambalo kwalo simu au kompyuta huongozwa hata ikaifikia seva yenye tovuti au barua pepe za mwenye jina hilo. Anwani ya tovuti ni andiko zima liwekwalo kwenye kivinjari, na ndani yake jina la kikoa ni sehemu moja tu, ijapokuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Makala hii inayaeleza hayo kwa kutazama hususa Bulyanhulu, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala mkoani Shinyanga, pamoja na mkoa jirani wa Geita, ambako shughuli za dhahabu zimewafanya watu wa kila daraja wahitaji kujua anwani ipi ni ya nani.

Asili

Kompyuta hutambuana kwa namba, na namba hazikai moyoni mwa binadamu. Katika miaka ya 1970 majina yote ya mtandao wa Marekani yalikuwa yameorodheshwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti huko California, na kila mwenye kompyuta alilazimika kulinakili upya kila lilipobadilika. Kazi hiyo ilipozidi kimo, Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, alitunga mwaka 1983 mfumo uliogawa daftari lile moja kuwa madaftari mengi yenye daraja. Jina la kwanza kuandikishwa chini ya .com lilikuwa symbolics.com, tarehe 15 Machi 1985. Anwani za tovuti zenyewe zilikuja baadaye, kwa kazi ya Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi. Tangu 1998 kilele cha daraja hizo kinasimamiwa na ICANN.

Kikoa cha .tz

Kila nchi ilipewa herufi mbili, na Tanzania ikapata .tz mwaka 1995. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na umoja wa watoa huduma za intaneti nchini walianzisha tzNIC, ambayo mwaka 2010 ilikabidhiwa rasmi amana ya kikoa hicho. Chini yake yako mafungu: co.tz la biashara, or.tz la jumuiya zisizotafuta faida, ac.tz la vyuo, sc.tz la shule, mil.tz la jeshi, na go.tz la serikali, ambalo halitolewi kwa mtu binafsi wala kampuni. Jina halinunuliwi likawa milki ya daima, bali hukodishwa kwa muda kupitia msajili aliyeidhinishwa, na aliyetaraghani kulilipia akalipoteza hana wa kumlaumu, maana mwingine anaweza kuliandikisha kwa haki kabisa.

Majina ya ukanda wa dhahabu

Mkoa wa Shinyanga unapatikana kwa shinyanga.go.tz, na mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012, kwa geita.go.tz. Halmashauri nazo zina majina yao: Msalala, ambayo Bulyanhulu imo ndani yake, ni msalaladc.go.tz, na Ushetu ni ushetudc.go.tz. Herufi za mwisho, zilizotokana na Kiingereza, hueleza daraja ya halmashauri, yaani dc ni wilaya, tc ni mji na mc ni manispaa, na kwa sababu hiyo Kahama ilipopandishwa kutoka mji kuwa manispaa, anwani yake nayo ikageuka ikawa kahamamc.go.tz. Desturi hii ina unadhifu wake, walakini ina taksiri kubwa, kwa kuwa kila kupanda kwa daraja huacha nyuma barua, mabango na matangazo yenye anwani iliyokwisha kazi.

Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ni Nyang'hwale, wilaya ya mkoa wa Geita. Sheria za majina ya vikoa hukubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari, na kila kipande kati ya nukta na nukta kisizidi herufi 63. Alama ya ritifaa haimo. Basi jina hilo, ambalo kila mzaliwa wa huko hulitamka kwa ng' ya Kisukuma, limeandikwa nyanghwaledc.go.tz, na mwenye kuiweka ritifaa kwa uaminifu wa imla hafiki popote. Mfumo uliotungwa kwa herufi za Kiingereza umewapa watu wa mbali mzigo wa kulipunguza jina la kwao ili lipite, na hasara hiyo, japo ni ya alama moja, si ndogo.

Mgodi wa Bulyanhulu umekuwa na mkasa wa namna nyingine. Ulifunguliwa mwaka 2001 chini ya Barrick. Mwaka 2010 ukaingia katika kampuni ya African Barrick Gold, ambayo habari zake zilitolewa kwa africanbarrickgold.com; mwishoni mwa 2014 kampuni ikajiita Acacia Mining na kuhamia acaciamining.com; mwaka 2019 Barrick ikaitwaa yote, na habari zikarejea barrick.com, ilhali tangu 2020 serikali ina asilimia 16 kwa njia ya kampuni ya Twiga. Shimo ni lile lile na wanakijiji wa Kakola na Bugarama ni wale wale, lakini aliyenukuu ripoti ya mazingira kwa anwani ya zamani hana dhamana yoyote kwamba itamfikisha kwenye ripoti hiyo.

Namna ya kusoma anwani

Jina la kikoa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu aliyeko Kakola akiandika tumemadini.go.tz, simu yake huuliza seva ya mtandao anaoutumia. Nayo, ikiwa haina jibu, huuliza kwanza seva za kilele, zikaielekeza kwa .tz, kisha kwa go.tz, hata ikapewa namba ya seva ya Tume ya Madini, kama mgeni aulizaye wilaya kabla ya kijiji na kijiji kabla ya nyumba. Jibu huhifadhiwa kwa muda ili safari isirudiwe kila mara. Yaliyo kabla ya jina, yaani https://, ni itifaki ya mawasiliano. Yaliyo baada ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina ni njia ya kufikia ukurasa ndani ya seva.

Elimu hii ina faida ya papo kwa papo kwa mchimbaji mdogo, kwani maombi ya leseni za madini hupelekwa kwa mtandao, na palipo na malipo walaghai hawakosi. Anwani kama tumemadini.go.tz.mfano.com yaonekana kuwa ya serikali kwa anayeanza kushoto, kumbe mwenyewe ni yule aliyeandikisha mfano.com, ambaye ana hiari ya kuweka mbele yake maneno yoyote apendayo. Kadhalika tumemadini-go-tz.com haina uhusiano wowote na go.tz, maadamu kistari si nukta. Alama ya kufuli huthibitisha kwamba mawasiliano yamefumbwa yasisomwe njiani, wala haithibitishi uaminifu wa aliye upande wa pili. Aliye na shaka na azifuate herufi zinazotangulia mkwaju wa kwanza baada ya jina: zikiisha kwa .go.tz, yupo kwenye fungu la serikali.

Hali ya sasa

Nchi jirani nazo zina herufi zake: Kenya hutumia .ke, Uganda .ug, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo .cd iliyochukua nafasi ya .zr ya zama za Zaire. Kikoa cha bara zima, .africa, kilifunguliwa mwaka 2017.