Saa janja huhesabu mapigo ya moyo, haitambui maradhi

Saa ya mkononi haitumiki tena kuonyesha wakati pekee. Katika maduka ya simu mijini Meru, Maua na Embu, mnunuzi huonyeshwa saa zinazodaiwa kuhesabu hatua, mapigo ya moyo, oksijeni katika damu, shinikizo la damu, kiwango cha sukari na hata msongo wa mawazo.

Madai hayo hayana uzito sawa. Baadhi yamethibitishwa na wanasayansi, mengine ni makadirio tu, na mengine hayana msingi wowote. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha dawa kwa sababu saa imemwonyesha nambari ya kupendeza huhatarisha maisha yake. Ndiyo maana ni muhimu mwananchi afahamu kile ambacho saa hiyo hupima hasa, na kile inachokisia.

Jinsi saa inavyopima

Ndani ya saa janja mna vihisi, yaani vipande vidogo vya kielektroniki vinavyotambua mwanga, mwendo, joto au umeme wa mwili. Saa haioni ugonjwa. Hupokea ishara hizo, kisha programu yake huzigeuza kuwa nambari.

Kihisi kinachojulikana zaidi ni kile cha mwanga wa kijani, ambacho huwaka upande wa saa unaogusa ngozi. Kila moyo unaposukuma damu, mishipa midogo ya mkono hujaa na kunyonya mwanga mwingi zaidi. Moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine, mwanga mwingi hurudi. Saa huhesabu mabadiliko hayo na kutoa idadi ya mapigo kwa dakika.

Hiki ndicho kipimo ambacho saa nyingi hukimudu vyema, hasa mvaaji anapokuwa ametulia. Mwaka wa 2019, matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu 419,297 waliovaa saa za kampuni ya Apple yalichapishwa. Asilimia 0.52 yao walitahadharishwa kuwa mapigo yao hayakuwa na mpangilio. Kati ya tahadhari zilizotolewa huku mvaaji amebandikwa pia kifaa cha kitabibu kifuani, asilimia 84 zililingana na kasoro halisi ya moyo. Kasoro hiyo isipotibiwa huweza kusababisha kiharusi.

Saa chache za bei ya juu zina pia kihisi cha umeme wa moyo. Mvaaji hugusa saa kwa kidole cha mkono wa pili, na mchoro wa mapigo hujitokeza. Mchoro huo hauwezi kuchukua nafasi ya kile cha hospitalini, ambacho huutazama moyo kutoka pande kadhaa. Aidha, haukusudiwi kugundua mshtuko wa moyo. Mwenye maumivu makali ya kifua anapaswa kukimbizwa hospitalini, hata kama saa yake haijaonyesha tatizo.

Kihisi cha tatu ni cha mwendo, nacho hutambua mtikisiko wa mkono ili kuhesabu hatua na kukadiria usingizi. Lengo la hatua 10,000 kwa siku, ambalo saa nyingi humwekea mvaaji, halikutokana na utafiti wa madaktari. Lilianzia Japan mwaka wa 1965 kama jina la kibiashara la kifaa cha kuhesabu hatua.

Kazi ya shambani

Vihisi hivi hupotoshwa kwa urahisi na kazi za mikono. Mchumaji majanichai wa Githongo au Kionyo katika Kaunti ya Meru, au wa Rukuriri na Mungania kule Embu, hutikisa mikono mfululizo ilhali miguu yake husogea polepole. Saa inaweza kuhesabu hatua ambazo hazikupigwa. Jasho na mkanda uliolegea pia huifanya saa itetereke juu ya ngozi na kuvuruga kipimo cha mapigo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliripoti mwaka wa 2020 kwamba makosa ya saa katika kupima mapigo yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 mtu alipokuwa kazini au mazoezini, yakilinganishwa na wakati wa mapumziko. Hawakupata tofauti kubwa iliyosababishwa na rangi ya ngozi katika kipimo hicho.

Hivyo basi, anayetaka nambari ya kuaminika aketi kwa dakika tano, akaze mkanda kiasi na asitikise mkono.

Oksijeni na Mlima Kenya

Ili kukadiria oksijeni katika damu, saa hutumia mwanga mwekundu pamoja na ule usioonekana kwa macho. Ni mbinu inayotumika katika kifaa cha kubana kidole hospitalini, na iliasisiwa na mhandisi Takuo Aoyagi wa Japan katika miaka ya 1970.

Hapa rangi ya ngozi ina umuhimu. Mwaka wa 2020, madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa hata kifaa cha hospitalini kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha kitabibu hukosea, saa ya mkononi haipaswi kuaminiwa zaidi.

Suala hili huwahusu pia wapagazi, waelekezi na watalii wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon au ya Chogoria. Katika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Ni kawaida kiwango cha oksijeni katika damu kushuka chini ya asilimia 90 huko juu, na baridi hupunguza damu inayofika mkononi, hivyo saa huweza kukosea zaidi. Mpandaji anayeumwa na kichwa, anayetapika au anayepepesuka anapaswa kuteremka mara moja bila kusubiri uamuzi wa saa.

Shinikizo la damu na sukari

Hatari kubwa zaidi imo katika vipimo hivi viwili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa asilimia 23.8 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, wengi wao bila kujua.

Kipimo cha kawaida cha shinikizo huhitaji mkanda unaojazwa hewa na kuubana mkono. Saa nyingi hazina mkanda wa aina hiyo. Hutazama umbo la wimbi la mapigo, kisha hukisia. Zipo saa chache zenye ukanda unaojaa hewa, na nyingine ambazo ni lazima zilinganishwe na mashine halisi kila baada ya wiki nne. Mwaka wa 2025, kampuni ya Apple iliruhusiwa nchini Marekani kuweka katika saa zake tahadhari ya shinikizo, lakini tahadhari hiyo haitoi nambari yoyote. Humshauri tu mvaaji akapimwe kwa mashine.

Kuhusu sukari, jibu ni wazi zaidi. Mnamo Februari 2024, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kudunga ngozi. Vipo vihisi vinavyopachikwa chini ya ngozi na kutuma matokeo kwa saa, lakini hapo saa ni kioo cha kusomea tu. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata nambari ya uongo anaweza kupoteza fahamu au hata kufa.

Wakazi wa vijijini wanayo njia bora. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo na kifaa cha kupima sukari. Kipimo cha mhudumu huyo, ingawa hachukui kila siku, kina thamani kuliko makisio ya saa ya kila saa.

Je, saa inaweza kuisoma akili?

Saa zinazodai kupima msongo wa mawazo hutazama mwili, si fikira. Nyingi hupima tofauti ndogo za muda kati ya pigo moja la moyo na jingine. Mtu akiwa ametulia, tofauti hizo huwa kubwa. Akiwa na wasiwasi, hupungua. Baadhi ya saa hupima pia jasho jembamba la ngozi, joto la mwili na usingizi.

Taabu ni kwamba mwili hutoa ishara zinazofanana kwa sababu tofauti. Moyo huenda mbio kwa furaha ya harusi sawa na kwa hofu ya deni. Vilevile, miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, vina kemikali zinazoongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu na kufukuza usingizi. Mtafunaji anaweza kuambiwa na saa kuwa ana msongo mkubwa, ilhali kinachoonekana ni athari ya majani. Kahawa, homa na pombe pia hubadilisha nambari hizo.

Kinyume chake ni cha kuhofisha zaidi. Mtu aliyezama katika sonona huweza kulala kitandani kutwa nzima, moyo ukipiga polepole, na saa ikatangaza kuwa amepumzika vyema. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini saa haioni mawingu yote.

Pamoja na hayo, kumbukumbu za wiki kadhaa zina manufaa. Usingizi ukipungua mfululizo, au mtu aliyezoea kutembea akaanza kujifungia ndani, mabadiliko hayo yanafaa kuzungumziwa na daktari. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa wiki mbili au zaidi ni sababu tosha ya kutafuta msaada, saa iseme isiseme. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumwelekeza mgonjwa katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu.

Sheria nayo imelegeza kamba. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Aliyefikia hatua hiyo anahitaji tiba, si pingu.

Kwa upande mwingine, kuitazama saa kupita kiasi huweza kuzua wasiwasi. Mwaka wa 2017, watafiti wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliokosa usingizi kwa sababu ya kuhangaikia alama za usingizi walizopewa na vifaa vyao.

Siri za mwili

Nambari za saa hutumwa kwa simu, na mara nyingi kwa tarakilishi za kampuni zilizo ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti, na humpa mwenyewe haki ya kujua zinavyotumiwa na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Mwajiri au kampuni ya bima haipaswi kuzichukua kwa siri. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kabla ya kununua

Mnunuzi aulize ni vipimo gani vya saa hiyo vilivyoidhinishwa na mamlaka ya afya, na aipuuze inayodai kupima sukari kwa mwanga. Akiwa na shinikizo la damu, heri fedha hizo zinunue mashine yenye mkanda wa mkono wa juu. Aliye na saa tayari ailinganishe na mashine ya zahanati, aendelee na dawa zake, na amwonyeshe daktari kumbukumbu zake za mapigo na usingizi. Dawa hubadilishwa na daktari, si na saa.