Watoto Wanne, Samahani, Watano

Nje ya bunge la jimbo la South Carolina, mjini Columbia, kuna sanamu ya mzee anayepiga hatua kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Kwenye jiwe lake wamechonga maisha yake yote, hadi idadi ya watoto. Ukisogea karibu utaona idadi hiyo haijakaa sawa. Mwanzo ilisomeka wanne. Mwaka 2004 mafundi wakaibadilisha ikawa watano. Lakini jiwe si simu, ati ubonyeze futa mambo yaishe. Kovu la neno la kwanza lilibaki.

Mzee mwenyewe ni Strom Thurmond. Alizaliwa Desemba 5, 1902, katika mji mdogo wa Edgefield. Akawa mwalimu, wakili, jaji, askari aliyetua Normandy mwaka 1944 kwa ndege isiyo na injini, gavana, kisha seneta kwa karibu miaka 48. Alitoka Seneti Januari 2003 akiwa ashafikisha miaka 100. Kwa kifupi, jamaa alikaa.

Lakini kilichompa jina ni kupigania Weusi na Wazungu watengwe. Shule kando, mikahawa kando, viti vya basi kando. Mwaka 1948, Rais Harry Truman alipoanza kusukuma haki za Weusi, Thurmond, gavana wa chama hichohicho cha Democratic, alijitenga akagombea urais kwa tiketi ya watetezi wa ubaguzi. Alishindwa, lakini alibeba majimbo 4 ya Kusini.

Halafu ikaja 1957. Seneti ilikuwa na mswada wa kulinda haki ya Weusi kupiga kura, na kanuni zilimruhusu seneta kuongea bila kukoma ili kura isipigwe. Thurmond alijiandaa kama bondia: alikaa kwenye bafu la mvuke atoe maji mwilini, asije akabanwa na haja katikati ya hotuba. Akaanza karibu saa tatu usiku, Agosti 28. Akasoma sheria za uchaguzi, jimbo baada ya jimbo. Alipokaa chini zilikuwa zimepita saa 24 na dakika 18. Mswada ukapita tu, kura 60 kwa 15. Rekodi hiyo ilidumu hadi Aprili 2025, ilipovunjwa na Cory Booker, seneta Mweusi wa New Jersey, kwa saa 25 na dakika 5.

Sasa hebu turudi nyuma. Mwaka 1925, nyumbani kwa wazazi wa Thurmond kulikuwa na msichana wa kazi, Mweusi, jina lake Carrie Butler. Oktoba mwaka huo alijifungua mtoto wa kike. Carrie alikuwa na miaka 16. Baba wa mtoto alikuwa kijana wa nyumba ile, Strom, mwenye miaka 22. Kuna wanaopenda kuiita stori ya mapenzi. Mimi inanikwama kooni. Sheria ya jimbo ilikataza ndoa kati yao, riziki ya Carrie ilitoka kwa wazazi wa kijana, na kama angesema hapana, angemwambia nani?

Mtoto, Essie Mae, alilelewa na dada ya mama yake huko Pennsylvania. Mwaka 1941, Carrie alimpeleka Edgefield kwenye ofisi ya wakili. Ndipo binti alipojua baba yake ni nani. Ndipo pia alipojua kwamba ni Mzungu.

Thurmond hakumtupa, na hapo ndipo panaponisumbua zaidi. Alimpa pesa. Alimlipia masomo katika chuo cha Weusi mjini Orangeburg, na akiwa gavana alikuwa akienda kumwona hukohuko. Gavana anayetetea vyuo kando anamtembelea binti yake kwenye chuo cha kando. Na mwaka 1948, uleule aliozunguka Kusini akitafuta kura za ubaguzi, Carrie Butler alifariki. Alikuwa na miaka 38.

Ni rahisi kuisoma hii kama udaku: mheshimiwa na mtoto wa nje. Lakini siri hii inatuonyesha ubaguzi ulivyofanya kazi. Haukuwa ukuta wa kuzuia watu wasikutane. Walikutana kila siku, jikoni, sebuleni, hadi vyumbani. Ulichoamua ni nani anaweza kudai kitu baada ya kukutana. Mzungu angeweza kuvuka mpaka usiku. Mtoto aliyezaliwa hangeweza kuvuka asubuhi akamwita baba. Utaratibu ambao Thurmond aliutetea kwa saa 24 ndio uliomfanya binti yake kuwa siri.

Mwaka 1964 alihamia chama cha Republican, akawa mmoja wa waliokifungulia mlango wa Kusini. Sheria ya 1965 ilipowapa Weusi kura kwa kweli, hesabu ikabadilika, naye akabadilika nayo. Mwaka 1971 aliajiri msaidizi Mweusi. Mwaka 1983 aliunga mkono sikukuu ya Martin Luther King. Lakini misimamo yake ya zamani hakuwahi kuikana kikamilifu.

Essie Mae naye alikuwa mwalimu Los Angeles, mjane mwenye watoto wanne. Wanahabari walipomuuliza, alisema Thurmond ni rafiki wa familia. Alikuja kueleza kwamba baba yake hakumwapisha anyamaze. Alimlinda kwa hiari. Thurmond alifariki Juni 2003. Desemba hiyo, akiwa na miaka 78, Essie Mae alisimama Columbia mbele ya kamera, akataja jina lake na la baba yake, akasema hatimaye anajihisi huru. Familia ya Thurmond haikubisha.

Akafariki 2013. Jina lake liko kwenye lile jiwe. Liliongezwa baada ya majina ya wadogo zake, ingawa yeye ndiye kifungua mimba.