Lee Lai Shan: Binti wa kisiwani aliyeipatia Hong Kong dhahabu ya kwanza

HONG KONG ilianza kushiriki michezo ya Olimpiki mwaka 1952 mjini Helsinki, ikarudi mikono mitupu kwa miaka 44. Aliyeukata mkosi huo alikuwa msichana wa miaka 25, mzaliwa wa Cheung Chau, kisiwa kidogo cha wavuvi.

Lee Lai Shan, ambaye wapenzi wake humwita San San, alizaliwa Septemba 1970. Mjomba wake alikuwa na kituo cha mchezo wa ubao wa tanga kisiwani humo, na huko ndiko alikojifunzia akiwa na umri wa miaka 12.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, mwanamichezo husimama juu ya ubao uliofungwa mlingoti na tanga moja, bila usukani. Huuongoza kwa kulilaza tanga huku au kule na kwa kuhamisha uzito wa mwili wake. Upepo ukitoka mbele hulazimika kubisha, kama wasemavyo manahodha wa Pwani, akienda mshazari kushoto na kulia. Ukilegea, hulivuta tanga kwa mikono mfululizo ili ubao usonge. Anayedhani ni mchezo wa kupunga upepo ufukweni ajaribu kazi hiyo.

Wanawake waliruhusiwa kushindana katika mchezo huu kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1992 mjini Barcelona. Lee alikuwapo, akashika nafasi ya 11. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia.

Julai 1996, mashindano ya matanga ya Olimpiki ya Atlanta yalifanyika baharini karibu na Savannah. Washindani wote walitumia mbao za aina moja, Mistral, hivyo hapakuwa na wa kusingizia chombo. Lee alijihakikishia dhahabu hata kabla ya mbio za mwisho, akimwacha bingwa mtetezi Barbara Kendall wa New Zealand nafasi ya pili na Alessandra Sensini wa Italia ya tatu. Baada ya ushindi alitamka kwamba wanamichezo wa Hong Kong si takataka, kauli iliyowagusa wengi nyumbani, ambako michezo ilionekana kazi isiyo na tija.

Bendera iliyopandishwa siku hiyo ilikuwa ya koloni, na wimbo uliopigwa ulikuwa wa Uingereza. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Julai 1, 1997, Hong Kong ilirejeshwa China. Hivyo medali ya kwanza ya Hong Kong ikawa pia ya mwisho chini ya bendera ile.

Lee aliendelea kushindana. Alikuwa bingwa wa dunia tena mwaka 1997 na 2001, na bingwa wa Asia katika michezo ya Bangkok 1998 na Busan 2002. Olimpiki, hata hivyo, haikumpa tena medali: Sydney 2000 alikuwa wa sita, na Athens 2004 wa nne, hatua moja tu nje ya jukwaa.

Aliolewa na Sam Wong, naye mwanamichezo wa ubao wa tanga. Mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipofika Hong Kong Mei 2008, yeye ndiye aliyetangulia kuukimbiza. Dhahabu ya pili ya Hong Kong ilipatikana mwaka 2021 jijini Tokyo, miaka 25 baada ya yake, kupitia mcheza vitara Edgar Cheung.