Goma Ilipokimbia: Historia ya Mji Wenye Njia Chache

Ikiwa unaishi Dzaleka, bila shaka unamfahamu mtu aliyekulia Goma: jirani, shemeji, au mwenzako wa foleni ya maji. Ukimwuliza habari za mlima Nyiragongo, atakusimulia juu ya moto. Leo ninakuomba umwulize kuhusu barabara.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulilipuka bila onyo. Msemaji wa serikali ya Kongo, Patrick Muyaya, alipotoa hesabu ya kwanza ya vifo, walikuwa watu 15. Kati yao, 9 walikufa katika ajali ya barabarani walipokuwa wakikimbia, 4 walikuwa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 waliungua. Idadi iliongezeka baadaye, lakini tusiipite haraka hesabu hiyo ya kwanza. Njia ya kujiokoa iliua wengi kuliko moto wenyewe.

Tazama ramani. Goma imebanwa: kaskazini kuna volkano, kusini ziwa Kivu, mashariki mpaka wa Rwanda. Magharibi kuna barabara ya Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi, na kaskazini ile ya Rutshuru, ambayo mwaka 2021 lava iliikata. Anayebaki na njia hizo huchagua kati ya kuvuka mpaka hadi Gisenyi, kwenda Sake, au kupanda mashua. Januari 2002 hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kuugawa pande mbili. Mtu hakuamua aende wapi. Upande aliokuwamo ndio uliomwamulia. Na mwaka 1977, tarehe 10 Januari, ziwa la lava lililo kileleni lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja.

Wataalamu walianza kulihesabu jambo hili kwa dhati baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979. Serikali ya huko ilitaka kujua: watu wanaozunguka kinu watachukua saa ngapi kuondoka? Mwaka 1982 Yosef Sheffi na wenzake wa chuo cha MIT walichapisha kielelezo cha kompyuta walichokiita NETVAC. Barabara hugeuzwa vipande, na vipande huunganishwa kwenye makutano. Kila kipande hupewa kiasi cha magari kinachoweza kupitisha kwa saa, kisha watu huachiwa waondoke, wengine mapema, wengine wakichelewa. Hapo huonekana foleni itaanzia wapi.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme watu 400,000 wanaondoka kwa daladala, kila moja ikibeba 15. Hayo ni magari karibu 26,700. Barabara moja ikipitisha magari 1,000 kwa saa, kazi itachukua takriban saa 27, bila gari hata moja kuharibika. Linganisha na ile saa moja ya mwaka 1977.

Namba 400,000 sikuiokota hewani. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa kuhofiwa mlipuko mwingine, na watu waelekezwe Sake. Waliokimbia walikadiriwa kuwa wapatao 400,000. Wengine walivuka hadi Rwanda, wengine wakapanda mashua. Kielelezo kinachodhani kwamba watu wote watafuata amri hakijakutana na mama mwenye watoto watano na dada yake Gisenyi.

Tena, vielelezo vingi vilizaliwa katika nchi ya magari, ilhali Goma huondoka kwa miguu, kwa pikipiki na kwa chukudu, baiskeli ile ya mbao inayobeba magunia ya viazi na, siku ya dhiki, godoro na bibi kizee. Lakini msidhani kwamba wenye magari huwa salama. Septemba 2005, kabla kimbunga Rita hakijafika pwani ya Texas, mamilioni ya watu walijaza barabara za kutoka Houston. Watu karibu 100 walifariki katika uhamaji huo, 23 kati yao wazee waliokuwa ndani ya basi lililoshika moto.

Hapa Malawi, Machi 2023, kimbunga Freddy kiliharibu barabara na madaraja kusini mwa nchi. Kielelezo kizuri hujaribu kwanza kukata daraja moja, kisha kuangalia mji utapumua kwa njia ipi.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na wengi wao wametoka Kongo. Katika mkutano ujao wa eneo lako, viongozi wakifika kutoka Lilongwe, uliza: moto ukizuka upande wa upepo, gari la kuzima litapitia wapi? Mzee asiyeweza kutembea atabebwa na nani, na aelekezwe njia ipi ikiwa ile kuu imezibwa? Uliza pia kama mpango huo upo kwa Kiswahili.